Eda

Wameiandika kwenye mkataba: ndege moja ya mizigo,
umri miaka thelathini na mmoja,
injini mbili, matairi ya akiba manne,
nyavu za kufungia mizigo sitini, tatu zimechanika.
Halafu, ukurasa wa kumi na moja, chini ya matairi,
sisi: watu kumi na wanane.

Nimehesabu mara mbili. Odilon Warnier, rubani, yumo.
Fernand wa injini yumo, jina limekosewa herufi.
Maëlle Lhoest hayumo.

Tangu Jumatatu imekaa banda la tatu hapa Liège,
vitambaa vyekundu vimeziba vinywa vya injini,
kama mwanamke aliye edani:
hatoki, hajipambi,
anangoja siku zitimie aitwe mke wa mtu mwingine.
Ukungu wa mto Meuse unapanda mpaka mlangoni
unachungulia, unarudi.

Wapaka rangi wamekuja kutoka Uholanzi na ngazi zao.
Wanamkwangua mkiani yule mbayuwayu wa buluu
ambaye sisi, kwa mzaha, tulimwita kuku.
Ametoka. Lakini simama upande wa vyoo,
taa ikimulika kwa ubavu, bado yupo:
bawa moja, na shingo.
Rangi mpya ni kijani. Fundi anasema itamfunika kabisa
ikipakwa mara tatu.
Bajeti ni ya mara mbili.

Ndani najua kila kovu.
Hapa farasi wa mashindano alitoboa ubao kwa kwato
tukiwa juu ya Baltiki, na mchungaji wake akamwimbia hadi chini.
Hapa samaki wa Oslo walivuja,
tukanuka baridi mbili mfululizo.
Hapa, juu ya maboksi ya chanjo, Maëlle alilala
usiku theluji ilipotufungia Riga,
koti langu juu yake, soksi zake juu ya bomba la joto.
Daftari la ndege halina habari hizo.
Daftari lina saa, mafuta, na vyuma.

Mzigo wa mwenzio, walisema, kanda la usufi.
Mimi kazi yangu mizani.
Miaka kumi na tisa nabeba mizigo ya wenzangu
na hilo kanda sijalipokea bado.

Warnier alikuwa wa tatu kwenye orodha ya wakongwe.
Kule anakoanza ni wa mia mbili na kumi na nne.
Anaitaja namba hiyo kama anavyotaja kimo cha mawingu.
"Krismasi naruka mimi," anasema.
"Na ijayo. Na ijayo."
Kisha anauliza kama kahawa imebaki.

Alhamisi Maëlle alikuja kurudisha funguo.
Hakulia, wala hatukumpa nafasi; tulikuwa tunapiga kelele
kuhusu mpira.
Akauliza nani atawaambia wageni
kwamba mpini wa mlango mkubwa lazima uinuliwe kwanza, ndiyo uvutwe.
Nikasema nitawaambia.
Hakuniamini. Akachana gundi ya karatasi,
akaandika kwa kalamu nene INUA KWANZA,
akaibandika kwa ndani, usawa wa macho yake,
yaani usawa wa kidevu changu.

Jumapili usiku tulitoka.
Warnier akabonyeza redio, akatamka jina letu la zamani,
lile la kuku.
Mnara ukanyamaza.
Ukanyamaza tena kidogo.
Kisha sauti ya mzee fulani ikatujibu kwa hilo hilo,
ikatupa njia.

Nami nyuma, karatasi ya uzito magotini.
Waliipima upya ilipotoka bandani, ikiwa tupu,
bila mtu, bila wavu, bila tone la mafuta:
imezidi kilo thelathini na nane.
Kuna nafasi ya kuandika sababu.
Nikaandika: rangi.