Hodi

Maabara ya Al-Khoudh, saa tano usiku.
Nje joto limekataa kushuka,
kiyoyozi kinanguruma kama mtu anayedaiwa.

Kipande cha ubongo wa panya, chembamba kuliko ukoko wa mkate wa kumimina,
kimelala ndani ya maji ya chumvi,
kinapuliziwa oksijeni.
Nimeigusa seli moja kwa ncha ya kioo
na kushika pumzi.

Tk.
Tk.
Tk.

Bomba la kutawadhia ambalo mtu hakulifunga sawasawa.

Daktari Muhanna alituambia siku ya kwanza:
hii ndiyo seli ya dopamini, msiionee kijicho.
Peke yake haifurahii kitu, inahesabu tu.
Furaha hupigiwa hodi.
Nyuzi huja kutoka gamba la mbele,
nyingine kutoka shinani, nyingine hata hatujui zatoka wapi,
kila moja na tone lake la glutameti,
na zikigonga pamoja, mlango hufunguka kwa kishindo.

Nyuzi zote hizo
nimezikata mwenyewe, asubuhi, kwa wembe.

Nadondosha glutameti.
Tk. Tk. Tktktktktk
skrini inaota miiba,
kisha kimya kirefu cha aliyeaibika kucheka msibani.
Kisha: tk.

Shangazi Zuwena anakaa Mawalih, ghorofa ya tatu.
Kidole gumba na cha shahada
vinavuta tasbihi ambayo haipo.
Zake zinakufa, seli hizi hizi,
na zilizobaki, nasoma, huenda zinabishiwa mno,
maana hata hodi ikizidi huvunja bawaba.
Sijui nimwambie nini kuhusu hilo.
Ninajua kwamba sijaenda tangu Shaaban.
Namtumia sauti kwenye simu: nitakuja Ijumaa, inshallah.
Na seli, ukiiahidi, Ijumaa ikifika haishtuki.

Nazima taa ya darubini. Naendesha.

Mlangoni pana kengele yenye kamera.
Siibonyezi. Nabisha kwa konzi, kama alivyotufundisha
wenye nyumba hawabonyezwi, wanabishiwa:
Hodi!

Kimya.
Kandambili, moja, inaburuzwa. Inasita. Inaburuzwa.
Nahesabu bila kutaka.
Kisha mbili tatu kwa mkupuo, mbio kuliko daktari alivyoruhusu,
na sauti yake ya Kiunguja, miaka hamsini hapa haijapauka:

“Nani huyo mwendawazimu, saa sita hii?”

Nami sikuchukua hata halwa.