Doa Lisilotoka

Siku ya soko la tumbaku, ghalani Urambo,
mizani imelala, mnunuzi hajafika,
Muuguzi Nyanzala akapanda juu ya robota
na viatu vyake vya plastiki, akauliza:
"Nani anajua doa la jani?"

Tukacheka. Mikono yote juu.
Mimi Maganga nimepanga madaraja miaka kumi na tisa;
baka la ukubwa wa punje ya ulezi
naliona nikiwa matuta matatu mbali,
nakutajia ugonjwa na hasara yake kwa kilo.

"Na kisogo chako je? Nyuma ya sikio?
Na huko chini unakokanyagia dunia?"

Aliyejibu ni nzi.

Akasimama Kalunde, mke wangu, mwenye ualbino.
Jua analiita wifi: halimpendi, wala halihami.
Akavua kofia, akageuza sikio kwenye mwanga:
"Hapa palikuwa na kidonda. Nikasema, ni kofia inanichubua.
Mwezi hakikupona, wa pili hakikupona.
Walikikata kikiwa harage tu.
Kipande nimekiacha Mwanza;
kilichobaki kinatosha kusikia umbea wenu."

"Saratani hii msimwachie Kalunde peke yake,"
akasema Nyanzala. "Vueni mabuti."

Jamani, harufu!
Nyayo zikapangwa mlangoni kama majani ya kuuza.
Kisiginoni mwa Mzee Lufunga
doa jeusi, kingo zimeliwa-liwa kama na kiwavi.
"Utomvu wa tumbaku huo," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu mavuno."
"Mavuno yapi?"
Akaanza kuhesabu vidole. Akaacha.

Wakaleta majivu na ndimu, akasugua mwenyewe,
akasugua mpaka ndimu ikabaki ganda.
Utomvu ungetoka.

Ameondoka na barua ya rufaa kwenye mfuko wa shati.
Bado hatujapata habari.

Siku hizi, Jumamosi usiku, tunafunga mlango,
taa ya sola, kioo kilichong'oka kwenye pikipiki.
Kalunde ananigeuza mbele, nyuma,
katikati ya vidole, chini ya kucha:
"Daraja la tatu wewe, tena una vumbi."
Nacheka; mikono yake ya baridi.

Halafu zamu yangu.
Naanza na lile sikio. Nasoma polepole,
mimi niliyelala kando ya kidonda kile miezi miwili
nikiota madoa ya majani.