Kopo Nyuma ya Magunia ya Unga

Hapa Łódź, kwenye kona ambako tramu hupinda ikilia,
nauza mkate mweusi, soseji, matango ya siki.
Mwaka wa kumi na saba nasimama nyuma ya kaunta hii,
na zamani niliwajua watu kwa viganja vyao:
fundi wa magari, noti yake yanuka grisi;
mtoto wa ghorofa ya tatu, sarafu zimegandana kwa peremende.

Sasa wanapitisha kadi hewani kama wanaobariki.
Tii!
Wengine simu. Wengine saa ya mkononi,
wanakunja kifundo kama nimewauliza saa ngapi.
Tii! Wameshafika mlangoni,
ahsante yangu bado i mdomoni.

Sisemi ni vibaya.
Usiku mmoja wa Januari, kabla mashine haijaletwa,
kijana alinionyesha kisu, akaondoka na droo nzima,
nami nikabaki sakafuni, kati ya mayai yaliyopasuka,
nahesabu vidole vyangu.
Leo droo ni nyepesi. Mwizi mwenyewe angetuhurumia.

Na Bwana Ireneusz, mikono imeanza kumtetemeka.
Sarafu zilimponyoka, zikabingirika chini ya friji,
na foleni nyuma yake ikavuta pumzi kwa pua,
pumzi ile isiyo na tusi ndani yake, na yote ni tusi.
Siku aliyogusisha kadi mara ya kwanza
alinitazama: "Ndiyo basi?"
"Ndiyo basi."
Akatoka mgongo umenyooka,
mkate kausahau. Nikamkimbilia nao barabarani.

Halszka huja Ijumaa.
Kadi ni yake kwa jina tu:
ikilia hapa, karakanani ng'ambo ya mji
simu ya mumewe nayo hulia.
Hajashuka ngazi, ameshaulizwa:
krimu ya nini? Chokoleti ya nani?
Noti ilikuwa bubu. Hii ina mdomo,
na miaka yote sikujua
kwamba kimlio changu kina pacha.

Siku moja akainama karibu na mizani:
"Andika soseji kilo moja. Nipe robo.
Inayobaki nitie mkononi."
Nikaandika kilo. Mwenye kupima haki anisamehe.
Ijumaa hadi Ijumaa, soseji za karatasi:
mumewe akala kilo kwa simu, robo kwa meno,
asiulize. Kuna wanaume husoma bei, hawasomi sahani.
Zloti zikaingia kopo la kahawa
nyuma ya magunia ya unga,
na kila nikifagia nalitikisa kidogo,
linaniitikia.

Bosi wangu, Bwana Radomir, ana kilio chake:
kila tii, benki yamega kipande.
"Panya huyu," asema, "anauma na kupuliza."
Lakini yeye mwenyewe kahawa hununua kwa simu.

Machi, mtandao ukakatika kuanzia asubuhi.
Daktari, mwalimu, yule mwenye gari la umeme,
wote na mikate yao kifuani,
wote wana mali, hakuna mwenye pesa.
Wakarudisha mikate rafuni mmoja mmoja
kama watoto waliokanywa.

Ndipo akaingia Halszka, begi begani, binti mkononi.
Sikuuliza. Nikaenda nyuma ya unga.
Akafungua kopo, akahesabu sarafu juu ya kaunta,
akanunua maandazi mawili ya jamu.
Mji mzima siku ile, tajiri alikuwa yeye.
Tramu ikapinda, ikalia,
ikawapeleka kituo cha treni,
kwenye dirisha la tiketi lenye mtu anayepokea noti
na hamwambii yeyote.

Kesho yake mtandao ukarudi. Mumewe akaja,
mara ya kwanza kumwona.
Sigara. Tii. Mashine ikaandika: imekubaliwa.
Akasimama, kadi bado mkononi.
"Hivi," akasema, "kilo ya soseji ni bei gani?"

Nikamtajia.