Alama za Maji, Courvanche

Anza na kinu.
Ukuta wake wa upande wa mto una mistari saba
iliyochongwa kwa patasi, kila mmoja na mwaka wake,
na ule wa juu kabisa unanipita kichwa kwa shubiri mbili.
Huo ni wa Juni 1856,
Aubrine ilipoingia kanisani bila kuvua viatu
ikatoka na viti.

Kijiji kimebanwa kati ya vilima viwili vya chokaa.
Ukingo wa kaskazini unatazama jua:
huko ndiko zabibu zilikokuwa, na mijusi,
na mabinti wenye mahari.
Ukingo wa pili hauonji jua
tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino hadi Februari.
Umande huganda ukakaa,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bibi yangu Eulalie alizaliwa kivulini, akaolewa juani.
Hatua mia tatu, kwa daraja.
Mama mkwe wake alimwita "yule wa ng'ambo"
mpaka siku anakata roho.

Padri Anselme Courtebois aliandika katika daftari la ubatizo,
Januari 1709:
*Leo divai imeganda kikombeni.
Nimembatiza mtoto kwa maji niliyoyeyusha kwapani.*
Halafu majina kumi na tisa, na msalaba mdogo kando ya kila jina.
La yule mtoto ni la tatu.
Funguo za kabati hilo ninazo mimi.
Karatasi zinanuka uyoga.

Na habari ya mpaka, maana utaulizwa.
Mto ndio uliotutenga na watu wa Brémontel.
Usiku mmoja wa mwaka 1784 ukajigeuza usingizini,
ukaamkia mahali pengine,
mkondo wa kale ukabaki kokoto tupu na samaki wanaotweta.
Ramani haikuhama.
Maji hufuata mkondo; sheria hufuata karatasi.
Kesi ikachukua miaka thelathini na tisa,
mfalme akakatwa kichwa katikati yake,
na karani akaahirisha kikao hadi Jumatatu.
Tulishinda: eka saba za matope, ng'ambo,
ambako ng'ombe wa akina Bournel
huogelea kila Mei kwenda kula nyasi za nyumbani.

Reli ilikuja, ikaondoka.
Kituo sasa ni cha Mholanzi mmoja mpole
anayepanda nyanya jukwaani.
Kwenye jukwaa hilohilo, Agosti moja,
walipanda vijana wenye maua kwenye mitutu.
Jiwe la ukumbusho lina majina ishirini na sita.
Tanchoux, Tanchoux, Tanchoux, Tanchoux.
Sisi tulio hai, ukimhesabu na kichanga cha mwokaji,
tuko thelathini na mmoja.
Tanchoux hayupo.

Vita vya pili vilikula daraja.
Kwa miaka minne bibi hakuweza kufika kaburini kwa mama yake,
basi alisimama ukingoni na kusema naye kwa sauti,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:
bei ya mayai, jino la Léonce, nani kaoa.
Daraja lilipojengwa upya
alivuka mara moja, akarudi akisema
kule kulikuwa na baridi, na hakujua la kuongeza.

Oktoba iliyopita maji yalinifika kiunoni.
Gari la mkate lilikwama siku tano huko juu barabarani.
Mstari wa nane unanidai.
Mwashi wa mwisho, Aristide Bournel,
yuko kwenye nyumba ya wazee, mjini, ghorofa ya pili.
Nilimpigia simu kumwuliza patasi hushikwaje.
Akakaa kimya, nikasikia televisheni yake.
"Ukuta umekauka?"
Nikasema sijui.
"Subiri ukauke. Jiwe lililolowa hudanganya mkono."

Sasa ni Machi.
Patasi iko mfukoni mwa koti, imetoboa bitana.
Kila asubuhi nikienda kufungua ofisi ya meya
napitia kinuni, naweka kiganja ukutani.
Bado.