Sema Jina Lako

Saa kumi na mbili kasorobo nafungua dirisha la dawa, Kisauni,
na wao wameshajipanga ukutani,
wanajikuna shingo, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi.
Wa saba ni yeye.
Wenzake wameegemea.
Yeye visigino vimebanana, mgongo ubao,
macho yamempita aliye mbele,
utadhani bendera inapandishwa
huku kwangu, nyuma ya friji.

Namba? namuuliza. Daftari linataka namba.
Ananipa ya zamani, ya jeshini,
tarakimu zimenyooka kama zilizopigwa pasi.
Siyo hiyo, Koplo. Ya hapa.
Ya hapa ni mia mbili na kumi na nne.
Anaitamka polepole,
kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu.

Nampimia. Kikombe cha plastiki,
methadoni chungu mpaka kisogoni.
Akishameza, sheria ni moja: asiondoke hajasema neno,
maana kinywa kinachosema
hakikufichi kitu chini ya ulimi.
Wengine hunitupia salamu, au tusi, au bei ya mbaazi.
Yeye: "Ndiyo, afande."
Miezi minne, ndiyo, afande.
Mimi, na ndara zangu, na gauni lililochujuka kwapani.

Habari za ng'ambo ya mpaka sikumuuliza.
Dadake, Mbodze, auzaye viazi karai Mlaleo,
ndiye aliyenimegea, kipande leo, kipande kesho:
kwamba alirudi na viungo vyake vyote,
majirani wakashukuru, wakala pilau, wakaenda zao;
kwamba alilala sakafuni mwezi mzima, kitanda kilimzamisha;
kwamba goti lilipewa vidonge, vidonge vikaisha, goti likabaki,
na nyuma ya soko la Kongowea palikuwa na kijana
mwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nne
aliyemwambia, Mzee, hii italala kwa niaba yako.

Medali iliuzwa mia tatu. Viatu, mia nane.
"Viatu vilikuwa na thamani kuliko medali!"
Mbodze akacheka,
akajipangusa jicho kwa mkono wenye bizari,
akasingizia bizari.

Alhamisi ni kikao. Feni haizunguki.
Shekuwe, aliyekuwa baharia pale Mtongwe, alisema:
Ukivunjika vitani unaitwa majeruhi.
Ukivunjika nyumbani unaitwa teja.
Mshauri aliandika kitu, akakifuta.
Chai ilifanya utando.

Nisikudanganye. Mwezi wa sita alipotea siku tisa.
Nilijaza sifuri tisa kwenye mstari wake,
zikakaa pale kama mayai viza.
Watu husema kuteleza si kuanguka.
Yeye alianguka. Nililiona goti
siku ya kumi, saa tano, dirisha limeshafungwa,
amesimama juani, wima, anatetemeka wima,
arosto imemshika hadi kwenye meno.
Nilimwita daktari. Tukaanza upya, kutoka chini,
kwani mwili husahau,
na dozi iliyokuponya jana yaweza kukuzika leo.
Sikumhubiria. Nilimpa maji.

Leo mvua imepiga tangu alfajiri,
foleni imejibana chini ya bati,
mtu na jasho la mwenziwe.
Namba akaitoa, ya hapa, bila kukosea.
Akanywa. Akalamba mdomo.
Nikangoja "afande" yangu.
"Nyiro," akasema.
Nikainua kichwa.
"Nyiro wa Mwaringa. Na dawa yako, dada,
bado chungu kama mwarobaini."

Akaondoka akikwepa madimbwi,
mguu huu, mguu ule, bila hesabu,
anakwenda kumenya viazi.
Mimi nikaandika namba, maana daftari linataka namba.
Pembeni, kwa penseli, nikaandika lile jingine.
Wa nane akasogea, akakohoa.