Jugo Ikivuma Usitie Saini

Oldřich aliipanga likizo kama mtu anayepanga safari za treni:
Jumamosi, Sukošan, kuchukua mashua.
Jumapili, Molat. Jumatatu, Silba.
Kila kisiwa na rangi yake ya kalamu,
kila maili imegawanywa ikatoa saa na dakika.
Upepo aliuandikia mstari mmoja, chini kabisa, kwa penseli:
wastani, wa kuridhisha.

Mimi nilikuwa na karatasi yangu,
imekunjwa mara nne, chini ya soksi.
Wakili wa Brno alisema: saini mbili, basi.
Miaka kumi na tisa inaenea ukurasa mmoja
na nafasi inabaki.

Tonka ndiye aliyetukabidhi mashua,
mwanamke mfupi, funguo kiunoni,
viganja vigumu kama kamba iliyokaukiwa na chumvi.
Alituonyesha gesi, nanga, namna ya kubembeleza choo.
Akaikuta ratiba mezani. Akaisoma yote, taratibu,
kama mtu anayesoma barua ya mtoto.
"Nzuri," akasema. "Upepo umeshaiona?"

Akamtoa Oldřich nje, akamgeuza mabega akabili Velebit.
"Huyo mlima usimpe kisogo.
Akivaa kofia nyeupe, utosini tu,
bura inakuja. Haibishi hodi. Inashuka mbio,
baridi, kavu, inaifanya bahari ifuke moshi.
Ulipofunga kamba moja, funga mbili.
Maestrali ni mtoto mwema: anaamka kabla ya adhuhuri,
anafanya kazi, jua likizama analala. Safiri naye.
Lakini jugo..."
Hapo akashusha sauti, akanitazama mimi, si yeye.
"Jugo haina haraka. Inajijenga siku mbili, tatu,
wimbi juu ya wimbi,
mkate unaota ukungu, watu wanaota pembe.
Bibi yangu alisema: jugo ikivuma
usinunue punda, usioze binti, usitie saini."

Jumapili tulifika Molat.
Jumatatu hatukufika popote.
Sindano ya barometa iliinamisha kichwa,
anga likashuka hadi ncha ya mlingoti,
rangi ya maji yaliyooshea masufuria.
Kila kitu kilinata: shuka, karata, majibu.
Tuligombania chumvi. Tukagombania kifuniko.
Tukamgombania mama yake, marehemu,
asiyekuwepo kujitetea.

Siku ya pili niliishika kalamu.
Mkono ukaingia chini ya soksi.
Nje kamba zilikuwa zinaguna gatini,
na mara nikamkumbuka yule punda.
Nikacheka, peke yangu, kwa sauti.
"Nini?" akauliza Oldřich.
"Punda," nikasema.
Akaacha kununa dakika nzima, akifikiri.

Usiku wa kuamkia Jumatano jugo ikakatika
kama mtu aliyesahau mwisho wa sentensi yake.
Kimya.
Mlima hatukuuona gizani, kofia hatukuiona.
Bura ilitukuta na nguo za kulalia,
mmoja omo, mmoja tezi, kila mtu na kamba yake,
tukipigiana kelele,
lakini safari hii kelele zenye maana:
"Legeza!"
"Bado!"
"Sasa, kaza!"
Sikumbuki mara ya mwisho kusikilizana vile.

Kulipokucha hewa ilikuwa imesuguliwa,
bara limesogea karibu,
ungeweza kuhesabu mawe ya Velebit moja moja.
Niliona pia mikunjo ya uso wake, yote,
na yeye, nadhani, akaiona yangu.
Tulikunywa kahawa tumejifunika blanketi moja
kwa sababu la pili lilikuwa limelowa.

Ratiba ilipeperuka, au aliiachia. Sikuuliza.
Karatasi yangu bado ipo.
Ilinyonya unyevu wa siku zile, kurasa za mkunjo zimegandana,
haifunguki bila kuchanika.

Alhamisi, saa tano kasorobo,
maji yakaanza kukunjamana kutoka kaskazini magharibi.
Oldřich alikuwa amesimama, mkono juu ya macho,
ameukabili mlima.
"Hana kofia," alisema.
Nikapandisha tanga.