Mkono wa B

Kompyuta haikumwuliza jina.
Iliuliza umri, uzito, ini limeguswa au la,
ikanyamaza kama mtu anayemeza mate,
ikasema: B.

Sisi makundi tunayaita mikono.
Mkono wa A hupewa dawa mbili, zile za siku zote;
mkono wa B, tatu.
Kidole kimoja, Réjean, hakivunji chawa,
nilimwambia, nikitia saini pembeni ya yake.
Akacheka. "Na viwili je?"
Hilo ndilo tunalolitafuta.
"Kwa hiyo hamjui."
Hatujui.
Jibu hilo alilipenda kuliko kurasa zote kumi na tisa.

Miaka thelathini na mmoja alitunza barafu
ya uwanja wa hoki, hapa Rimouski:
alfajiri, kabla ya watoto na viatu vyao vya chuma,
alivua glavu, akainama, akaipapasa,
akajua bila kipimo kama ni ngumu au imeanza kulegea.

Sasa dawa ya platini imemwingia.
Siku ya tatu alishika kitasa cha gari, mwezi Januari,
akakiachia kwa yowe.
Umeme, anasema. Miiba ya samaki.
Maziwa ya friji yanamkaba koo.
Huguette humpashia maji ya kunywa,
na friji hufungua yeye, taratibu,
kana kwamba mna nyoka.

Nauliza yaliyomo kwenye fomu.
Vifungo vya shati, unaweza? Polepole.
Kuharisha, mara ngapi kwa siku? Anainua vidole,
kisha anavitazama avihesabu,
maana havimwambii tena kama vimeinuka.
Naandika: ganzi, daraja la pili.
Hakuna kisanduku cha barafu.

Wiki ya nane picha zikarudi.
Doa kubwa la ini, milimita arobaini na moja;
lilikuwa hamsini na nane.
Lile dogo "halionekani".
Msoma picha hakuandika "limekwisha".
Nikamwonyesha kwa rula.
Aliitazama rula, picha akaiacha.
"Na wa mkono wa A?"
Sijui. Ningejua pia nisingesema.
"Yuko Gaétane, kiti cha dirishani, anafuma soksi.
Vidole vyake vizima."
Akanyamaza kidogo.
"Muulizeni yeye milimita ngapi."

Daktari akapunguza platini kwa robo.
Utaratibu unaruhusu; ukurasa wa kumi na mbili.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu mazoezini,
nikamkuta Réjean ukingoni, glavu juu ya glavu,
skafu hadi puani, kichwa amekiinamisha.
Hagusi kitu.
Anasikiliza vyuma vinavyokata.
Nilitaka kumwambia atoke, arudi kwenye joto;
nilikuwa na maneno yote ya kitaalamu mdomoni.
Akamwita kijana wa mashine.
"Imelegea, pale karibu na goli.
Ongeza baridi."